Keki ya Siku ya Kutoa Vyombo

Kila jioni, kabla hajamimina maji ya kunawa, Fransiska alimuuliza mumewe swali lilelile: "Leo walikula nini?"

Mumewe, Adriano, alikuwa mpishi wa mapadri. Alianza akiwa kijana wa kuosha vyombo huko Kate, akafundishwa upishi na bruda mmoja wa Kizungu aliyekuwa na subira nyingi na masikio mazito, kisha akahamishiwa misheni ya Sumbawanga mjini, na mvi zikamkutia humohumo jikoni. Alijua kuoka kuku mzima, akatoka ngozi imekauka na nyama ya ndani bado ina maji yake. Alijua viazi vya kuoka katika mafuta ya kuku yuleyule, mchuzi mzito wa kumwagia juu, na keki ya Jumapili. Jioni akirudi nyumbani kwake Malangali, pembeni mwa mji, alikaa kwenye kiti cha sebuleni akasubiri. Fransiska alimletea ugali wa ulezi na maharage, au dagaa wa ziwani. Siku za kuchinja kuku, firigisi ilikuwa ya Adriano, kama ilivyo kwa kila mwenye nyumba.

Basi akawa anakula huku anasimulia. Walianza na supu ya karoti. Wakaja kwenye kuku. Viazi. Kabichi. Mwisho keki.

"Hiyo keki ina utamu wa namna gani?" Fransiska aliuliza.

"Wa kizungu tu," Adriano alijibu, akamega tonge jingine.

Baada ya hapo Fransiska alilichukua koti la mumewe kulitundika, na kabla ya kulitundika alilinusa mkono. Adriano alimwona. Alidhani anatafuta harufu ya pombe, na kwa kuwa yeye si mnywaji, hakujali.

Hakuwahi kuingia jikoni kwa mkewe. Jiko lilikuwa kibanda cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, mlango wake mfupi kwa kimo cha Fransiska. Mwanamume anayeonekana akifunua vyungu vya mkewe huchekwa, na mkewe husemwa zaidi yake. Majirani walijua kwamba Adriano anawapikia Wazungu, na walijua kwamba kwake anapikiwa. Hakuna aliyeona ajabu, hata Adriano mwenyewe.

Katika msimu wa baridi wa mwaka 1992 Fransiska alishikwa na homa ya mapafu, akafa. Mwaka huohuo padri mzee aliyekuwa akimtegemea Adriano alirudi kwao Ulaya, na jiko la misheni likakabidhiwa kwa masista. Adriano aliagwa vizuri, kwa blanketi na baiskeli. Alirudi Malangali mchana kweupe, saa ambayo hakuizoea nyumbani, akakuta nyumba ina ukimya wa saa hiyo ambao hakuwahi kuusikia.

Mlango wa jiko aliufunga kwa kamba. Asubuhi alikunywa chai na maandazi mgahawani karibu na stendi, jioni mke wa jirani alimtumia ugali katika bakuli lililofunikwa, naye alilirudisha likiwa limeoshwa. Watoto wao wawili walikuwa mbali, mmoja Mpanda, mwingine Mbeya, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Siku nyingine alimaliza tangu asubuhi hadi kulala bila kutamka neno zaidi ya asante.

Juni ya mwaka uliofuata, Evaristi, mdogo wake Fransiska, alikuja kutoka Matai juu ya lori la maharage. Alikuwa mtu wa mzaha, na tangu biashara ya mazao iliporuhusiwa kwa kila mtu alikuwa akizunguka na magunia yake mpaka Tunduma.

"Shikamoo, shemeji! Bado upo? Nilidhani nitakukuta umekauka kama dagaa wa Kasanga."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Nikaribie wapi, moshi hauonekani? Mimi nyumba isiyo na moshi huipita, nikidhani ni ofisi ya serikali."

Walikaa barazani, upepo ukivuma kutoka upande wa milima. Evaristi aliongea habari za bei ya maharage, halafu akasita, akavua kofia.

"Dada Bertilla amesema mwaka umetimia. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu tutakuja kutoa vyombo."

Adriano aliijua desturi hiyo ya ukoo wa mkewe. Vyombo vya jikoni ni vya mwanamke. Akifa, hukaa mahali pake mwaka mzima, kisha ndugu zake huja, huviosha na kuviondoa, kuanzia chungu kikubwa mpaka kata ya maji. Kimoja tu hakiguswi: chombo kilichokutwa na chakula. Hicho hakimwagwi wala hakihamishwi. Mwanamume hubakiwa na nyumba na jembe lake. Na kwa kuwa nyumba isiyo na chungu haikaliki, siku hiyohiyo ndugu huja na mwanamke mwingine wa ukoo wao, akiwa na vyombo vyake mwenyewe kichwani.

"Tumemfikiria Hellena," Evaristi aliendelea. "Binti wa baba mdogo, yule wa Kate. Mjane, mchapakazi, hana makelele."

"Mimi sihitaji mwanamke, Evaristi."

"Nani kasema unahitaji mwanamke? Unahitaji ugali. Mwanamke anakuja nao."

"Nitapika mwenyewe."

Evaristi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Wewe? Kwenye jiko la dada yangu? Shemeji, maneno hayo mwambie Bertilla nikiwa nje, nisije nikapata mwiko usio wangu."

Lakini Adriano hakuwa akitania. Usiku ule na siku zilizofuata aliliwaza jambo hilo. Hakutaka mtu mwingine ainame kwenye ule mlango mfupi. Wala hakutaka vyombo viondoke. Kwa nini hasa, hakuweza kujieleza. Alijua tu kwamba mara kwa mara, mwaka ule mzima, alikuwa amesimama nje ya jiko na kuvitazama kupitia upenyo wa mlango, jinsi sufuria zilivyopangwa kwa ukubwa na mwiko ulivyoning'inia, akaondoka amepata nafuu kidogo. Hoja ya kina Bertilla ilikuwa moja: mwanamume hawezi kujilisha. Yeye angewaonyesha kwamba anaweza. Angewapikia chakula cha Jumapili kama kile cha mapadri, kuku mzima na keki yake, na wakishakula watasema: huyu hana haja ya mtu, mwacheni na vyombo vyake.

Alikwenda mjini kununua vitu. Alikumbuka miaka ya shida, watu wakipanga foleni ya sukari na sabuni, wakati stoo ya misheni ilikuwa na unga wa ngano na sukari chini ya kufuli. Mpishi mwenzake mmoja alifukuzwa kwa sukari iliyokutwa mfukoni. Tangu siku ile, kila jioni Adriano alikuwa akipindua mifuko yake getini, hata pasipo kuulizwa. Sasa duka lilikuwa limejaa mpaka nje: siagi ya kopo, bekingi pauda, maziwa ya unga, vichupa vidogo vya vanila.

"Mama atafurahi, mzee," alisema mwenye duka, akifunga vitu kwenye gazeti.

"Mama gani?"

"Wa nyumbani. Mtu hanunui vanila kwa ajili yake mwenyewe."

Adriano alichukua mzigo wake. Njiani alikumbuka kwamba duka hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limejaa hivyo kwa miaka kadhaa, naye alikuwa akilipita asubuhi na jioni kwa baiskeli ya misheni.

Jumamosi alifungua ile kamba, akainama, akaingia jikoni kwa mkewe.

Ndani palikuwa padogo kuliko alivyofikiri. Kuta zilikuwa nyeusi, buibui wametanda penye kamba ya mwiko. Kigoda cha Fransiska kilikuwa kifupi mno. Alipokikalia magoti yalimfika kifuani. Mafiga yalikuwa yamekaribiana kwa ajili ya vyungu vidogo na sufuria ya watu wawili. Sufuria kubwa ya mfuniko mzito, ambayo Fransiska aliitoa siku za wageni tu na kuiweka nje kwenye mawe mengine, haikutosha hapo. Adriano alitazama kwa muda, kisha akalisogeza figa moja nje kidogo. Lilikuwa limekaa pale muda mrefu hata likaacha shimo katika udongo, lenye umbo lake.

Alifanya kama bruda alivyomfundisha kwa safari za vijijini, kule kusiko na jiko la chuma: vijiwe vitatu chini ya sufuria kubwa, bati la keki juu yake, mfuniko, makaa chini na makaa juu. Alipiga siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe, akatia yai mojamoja, akakuna ganda la limau. Mikono ilijua kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe kazi alijisikia yuko mahali.

Keki ile iliungua. Upande mmoja ulikuwa mkaa mtupu, upande wa pili unga mbichi.

Alikaa na bati lake mapajani. Jiko la misheni angeweza kulipikia amefumba macho, lakini moto wa Fransiska hakuujua. Akaanza kutazama ukuta. Upande wa mlango masizi yalikuwa mepesi. Upande wa nyuma yalikuwa yamepanda mpaka kwenye paa, mazito, yanang'aa. Hapo akaelewa. Upepo wa Malangali uliingia chini ya mlango na kuusukuma moto wote nyuma, na mkewe alijua hilo kila siku, ndiyo maana hata kuni zake zilipangwa upande wa mlango. Adriano aliziba chini ya mlango kwa gunia, akapunguza makaa ya nyuma, akapiga siagi upya. Keki ya pili ilipanda vizuri, ikatoka na rangi ya chungu kipya. Akaifunika kwa kitambaa cheupe.

Jumapili alfajiri alioka kuku wawili, matetea wachanga, kwanza akiwachemsha kidogo kwa kuwa kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, kisha akiwapaka siagi na chumvi na kuwalaza katika sufuria ileile kubwa, viazi vikiwazunguka. Firigisi alizioka kando. Alipomaliza alilirudisha figa kwenye shimo lake, akafagia majivu juu yake, ili wanawake wasijue kwamba limeguswa. Meza ya sebuleni aliitandika shuka. Akavaa koti jeupe la misheni.

Walifika baada ya misa. Bertilla alitangulia. Alikuwa dada mkubwa wa Fransiska, mwanamke mrefu wa maneno machache, na Adriano alimwamkia kwa kuinama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

Nyuma yake alikuja Evaristi, na mwisho Hellena, amevaa kitenge kipya, na kichwani beseni la vyombo vilivyofunikwa. Hakulishusha ndani. Aliliweka barazani, karibu na ukuta, kama mtu asiyejua kama atapokelewa.

"Kabla ya kazi, karibuni mezani," Adriano alisema.

Walitazamana. Bertilla alikwenda kwanza mpaka jikoni, akachungulia, akarudi. Alikaa mezani. Adriano aliwaletea maji ya kunawa, kisha akamleta kuku wa kwanza mzima, juu ya sinia, ngozi yake ikiwa na rangi ya asali na viazi vikimeta pembeni.

"Huyu kuku kafa au kalala?" Evaristi aliuliza. "Mbona hukumkata? Au hapa mjini kila mtu anajing'atia?"

Adriano alimkata mbele yao, viungo vikiachana bila kelele. Aliwagawia, akamwagia mchuzi. Halafu akarudi nyuma, akasimama karibu na ukuta, kitambaa mkononi.

"Kaa basi, shemeji."

"Nyie kuleni."

"Kaa! Sisi siyo mapadri. Hatutabariki mtu hapa."

Adriano alivuta kiti, akakalia ukingo wake, lakini sahani ya Evaristi ilipopungua viazi alikuwa amekwisha kusimama tena. Kwa umri wake wote chakula hicho alikuwa amekipeleka, hakuwahi kukaa mbele yake. Hakujua mtu anayekaa hufanya nini na mikono.

Walikula. Evaristi aliacha kutania, na hiyo ilikuwa sifa kubwa. Hellena alikula polepole, akitafuna kama mtu anayesikiliza. Bertilla alipewa firigisi, kwa heshima ya ukubwa wake. Aliitazama, akaisogeza kwenye ukingo wa sahani.

"Hii ni ya mwenye nyumba," alisema. "Mdogo wangu alikuwa akikupa wewe."

"Leo nawapa wageni, dada."

Bertilla hakuila.

Adriano aliona mambo yanakwenda vizuri. Alitoa sahani, akapangusa meza, akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa ameishika keki kwa mikono miwili, akaitua katikati ya meza na kufunua kitambaa.

Kisha Evaristi akapiga makofi.

"Haa! Shemeji! Kumbe! Na wewe siku ile unaniambia sihitaji, sihitaji!" Aligeuka. "Hellena, inuka mama, usione haya. Bwana mwenyewe kaleta keki. Dada Bertilla, piga kigelegele, mbona umekaa?"

Hellena alikuwa ameinamisha uso, lakini tabasamu lilimtoka, dogo. Mkono mmoja ulipanda kuweka kitambaa cha kichwa sawa.

Adriano hakuelewa upesi. Alimtazama Evaristi, akamtazama Hellena, ndipo ikamjia. Keki waliyowahi kuiona watu hawa ni ile ya ukumbini, ya harusi, ambayo bwana na bibi hulishana mbele ya watu. Hapakuwa na keki nyingine. Yeye ndiye pekee mezani pale aliyejua kwamba keki huliwa bila sababu.

"Hapana," alisema. "Hapana, jamani, siyo hivyo. Hii ni ya baada ya chakula tu."

"Baada ya chakula kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni desturi yao. Wanamaliza kuku, wanakula keki. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Nilitaka muone kwamba nikibaki na vyombo, naweza kujipikia. Sitahitaji kusumbua mtu."

Tabasamu la Hellena liliondoka. Alishusha mkono, akauweka mapajani, akaufunika kwa mwingine. Evaristi alikohoa, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani.

Bertilla ndiye aliyesema.

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo, dada."

"Na kuku hivi hivi?"

"Hivi hivi. Siku nyingine nyama ya ng'ombe."

Bertilla alichukua kisu, akakata kipande chembamba cha keki, akakiweka mdomoni. Alikitafuna mpaka kikaisha.

"Fransiska aliwahi kula hii?"

Upepo ulikuwa ukigongesha bati la paa. Adriano alisimama na kitambaa chake.

"Hapana."

"Hata kipande?"

"Hata kipande. Ilikuwa mali ya misheni, dada. Mtu alifukuzwa kwa sukari. Tulikaguliwa."

"Nimekubali. Miaka ya shida ilikuwa migumu kwa kila mtu." Aliweka kisu chini. "Lakini siagi ipo madukani siku nyingi sasa. Evaristi mwenyewe huwa anapakia makatoni kutoka Tunduma. Mdogo wangu alikuwa hai. Jiko hilo hapo nje. Mikono hiyo."

Adriano alifikiria kusema juu ya majirani, na jinsi mwanamume anavyochekwa. Lakini alijua kwamba siku zile hakuwahi hata kufika kwenye kuwaza majirani.

"Wazo hilo halikunijia," alisema.

"Halikukujia."

"Ndiyo."

Bertilla alitikisa kichwa polepole. "Aliniambia Jumapili koti lako linanuka vizuri. Alisema, dada, mimi keki naijua, naila kwa pua. Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nilidhani ni keki yenyewe inayotokea mara moja kwa mwaka, mtu hupata harufu tu na basi." Alisimama. "Haya. Tukaoshe vyombo."

Wote wakawa wima isipokuwa Hellena. Alikuwa bado anaitazama keki.

"Dada Bertilla," alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika tangu salamu. "Mimi hapa siwezi kubaki."

"Nani kakuuliza sasa?"

"Hakuna. Nasema mwenyewe, ili isionekane nimekataliwa. Nikimletea huyu mzee ugali wangu na mlenda, atakula, atasema asante, nami nitakuwa najua. Kila siku nitakuwa najua. Bora mwanamume asiyejua kupika. Huyo ukimtilia chumvi tu, anakusifu."

Evaristi alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akanyamaza. Adriano alitaka kumshukuru Hellena, lakini alipomtazama aliona macho yake yamejaa maji, akainamisha uso. Alikuwa ametoka Kate na vyombo vyake, na sasa angerudi navyo.

Wanawake wawili walikwenda jikoni. Adriano alibaki barazani na Evaristi, kama desturi inavyotaka, wakisikiliza maji yakimwagwa na majivu yakisugua chuma.

"Usimchukie dada," Evaristi alisema chini chini.

"Simchukii."

"Kuku alikuwa mtamu, lakini. Hilo nalo ni kweli."

Vyombo vilitoka kimoja kimoja na kupangwa uani juani: vyungu, sufuria ndogo, sahani za bati, bakuli, vikombe, mwiko, kata. Kuna wakati Bertilla alitoka na kusimama mlangoni, mikono yake imejaa masizi.

"Figa moja limesogezwa," alisema.

Adriano alikiri kwa kichwa. "Sufuria kubwa haikutosha. Nimelirudisha."

"Nimeona. Umefagia vibaya."

Akaingia tena ndani, akakaa humo peke yake muda kidogo, Hellena akimsubiri nje. Alipotoka alifunga ule mlango mfupi.

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa milima walipoondoka. Evaristi alibeba gunia la vyungu, Bertilla beseni la sahani, Hellena vyombo vyake mwenyewe. Keki iliyobaki Bertilla alikuwa ameifunga katika kitambaa kile cheupe, akaichukua. Alisema watoto wa Matai hawajawahi kuiona. Aliagana na Adriano kwa mkono. Hakumwambia lolote jingine, na Adriano hakumwuliza kuhusu mwanamke mwingine, maana ilieleweka kwamba hataletwa. Kwa hilo alikuwa amepata alichokitaka. Aliwatazama mpaka walipokata kona ya barabara ya Matai, akarudi uani.

Ardhi ilikuwa na alama za maji ya vyombo. Alizunguka nyumba mara moja, akaingia sebuleni, akakunja shuka ya meza. Baadaye baridi ilipozidi, alikwenda kuufunga mlango wa jiko kwa kamba, na kabla ya kufunga akaufungua.

Ndani walikuwa wameacha kigoda, kuni, na mafiga. Na juu ya mafiga ilikaa ile sufuria kubwa ya mfuniko mzito. Figa lilikuwa limesogezwa nje kuipa nafasi, palepale alipolisogeza yeye jana, na udongo ulikuwa umekanyagwa kulizunguka lisiyumbe. Alifunua. Chini kulikuwa na shingo na mbawa za kuku wa pili, viazi vichache, mchuzi ulioganda. Juu ya viazi, peke yake, firigisi ambayo Bertilla hakuila. Pembeni, juu ya kipande cha jani la mgomba, kulikuwa na kipande cha keki. Chombo chenye chakula hakihamishwi.

Alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kifuani. Sahani hazikuwepo, akala kwa mkono ndani ya sufuria. Firigisi ilikuwa baridi. Aliila mpaka mwisho, kisha akala kiazi, kisha akaishika keki na hakuipeleka mdomoni kwanza.

Hiyo ilikuwa saa yenyewe, saa ya kunawa. Aliiona nyumba nzima imenyamaza ikingoja.

"Leo walikula kuku," alisema. Sauti yake ilimshtua, ikapiga ukuta mweusi na kurudi. "Wa kuoka, mzima. Viazi, na mchuzi mzito. Evaristi alikula viazi vingi kuliko wote." Akaitazama keki mkononi. "Mwisho keki."

Hapo ndipo Fransiska alipokuwa akimuuliza utamu wake. Aliuma kipande, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi ile hakukionja kama mpishi anayetafuta kosa. Alikitafuna taratibu, akitafuta vitu ambavyo Fransiska alivijua.

"Ni kama ule uji wa ulezi uliokuwa unampikia mgonjwa," alisema, "ukitiwa asali, halafu ukauacha ugande mpaka ukatike kwa kisu. Lakini laini zaidi. Ukiubonyeza unarudi, kama udongo wa tuta mvua ya kwanza ikishanyesha. Na ile harufu ya kwenye koti, ni ganda la limau. Harufu tu. Ndani yake sio chachu."

Alisubiri kidogo. Nje, mke wa jirani alikuwa akiita kuku wake walale. Adriano alikula chembe zilizobaki juu ya jani, akaifunika sufuria, akabaki amekaa.